Usimsafishie Birika Mpaka Aliite Jina Langu

Juliana, mjukuu wangu, mwanangu niliyekulea,

Marahaba. Najua hujaniamkia. Utakapoisoma karatasi hii utakuwa Katesh, kule Jorodom, ndani ya nyumba ya Bibi Fausta, na shikamoo yako sitaisikia. Kwa hiyo naipokea leo, isije ikapotea njiani.

Naandika mchana huu ukiwa umekwenda kuaga watu, maana jua likishazama macho yangu hayaoni mstari. Mimi niliishia darasa la nne. Herufi zangu zimelala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe, lakini utazisoma. Ukishindwa, sijui hao walimu wako walikuwa wanakufundisha nini.

Habari za kufunga mlango, kusali, kula ukashiba na vijana wa stendi sikuandikii. Nimekuimbia hayo tangu unatambaa. Kama hayajaingia mpaka leo, karatasi haitayaingiza. Nakuandikia habari ya birika.

Usicheke. Juzi ulicheka. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, ukasema, "Bibi, si umsamehe tu Bibi Fausta? Birika la siku mama alipobatizwa! Hata lenyewe limeshaoza." Nikakujibu, "Pukuchua mahindi." Nikakuona unatabasamu, ukadhani bibi kashindwa. Sikushindwa. Nilikuwa sijapanga maneno. Sasa nimeyapanga, na wewe hupo hapa wa kunikatiza.

Majirani wanasema nimemsamehe wifi yangu. Wanasema, tazama, Fausta kazeeka, watoto wake wote wamehama, kaomba binti wa kukaa naye, na huyu mama kampa mjukuu aliyemlea mwenyewe, akajifunze cherehani huko huko. Moyo gani huo! Wacha waseme. Cherehani hata hapa Mogitu zipo. Sikukuruhusu uende kwa Fausta, Juliana. Nimekutuma.

Sasa nikueleze kazi ninayokutuma, na uache kutikisa kichwa.

Mimi ni mtu wa Tlawi, unajua. Kule juu maji yanatoka kijitoni, laini, sabuni kidogo tu povu linajaa karai. Sufuria ya mama yangu ilichemsha maji miaka na miaka, na ndani ikabaki kama ilivyotoka dukani. Lile gamba jeupe la chumvi linalojishika ndani ya birika, mimi sikuwahi kuliona kwa macho. Nilichokijua ni kibuyu cha maziwa. Na kibuyu, mwanangu, hakiparuliwi ndani. Unakisuuza, unakichoma ndani kwa kijiti chenye moto, unakiacha kinuke moshi, na ile ngozi nyeusi inayojijenga humo ndiyo inayoyafanya maziwa yagande vizuri. Niliwahi kuparua kibuyu cha mama kwa kijiti mpaka kikawa cheupe, nikidhani nimefanya usafi. Alinichapa nikalala kifudifudi. Basi nikashika: chombo kikijenga ngozi, kiache na ngozi yake.

Fausta alikuja kwetu na wazee walioleta posa ya kaka yake, yaani babu yako. Alikuwa msichana wa umri wangu. Wazee wakakaa mbele wakizungumza mambo yao, yeye akanifuata jikoni, akachuchumaa karibu na moto kama amezaliwa pale. Akaniuliza jina. Nikamtajia. Akaliita, akalivuta mwishoni kama wimbo, akasema, "Twende kwetu. Mimi ndiye niliyekuchagua. Kaka yangu hajui kuchagua hata mbuzi."

Nilicheka mpaka mama akagonga ukuta. Nakuambia ukweli, nilimpenda Fausta kabla sijampenda babu yako. Ndiyo maana haijaisha. Ungekuwa ugomvi na mtu baki, ningekuwa nimeshausahau.

Nikaolewa, nikaja Mogitu. Mama mkwe alikuwa ameshafariki, kwa hiyo birika kubwa la wageni likaja mikononi mwangu. Na maji ya huku unayajua, ya kisima, ya chumvi, sabuni inakataa. Haukupita muda mrefu nikaona ndani ya birika weupe unatanda. Ukawa utando, utando ukawa gamba. Mimi nikajisemea, ahaa, birika nalo linajenga ngozi yake. Nikaliheshimu. Nikawa nasuuza taratibu, nisilikwaruze.

Fausta alikuwa bado hajaolewa, tunaishi naye. Siku moja akachungulia ndani ya birika, akaniuliza, "Wifi, hili huliparui?"

Hapo ndipo nilipokosea, na sikufichi. Nilirefusha shingo, nikamjibu, "Kwetu Tlawi ndani ya chombo hakuparuliwi. Labda huku kwenu."

Labda huku kwenu! Mtu hata hajazoea njia ya kisimani. Ningemuuliza tu, "Nyie mnalifanyaje?", angeniambia, maana nilikuja kujua baadaye kwamba nyumba ile walikuwa wanatia kokoto ndani ya birika na maji kidogo, wanalitikisa mpaka gamba linavunjika. Mama yao alikuwa akifanya hivyo kila mwezi. Fausta mwenyewe ndiye aliyekuwa anaokota kokoto. Kwa hiyo alijua. Alininyamazia. Kila asubuhi anakuja, anakaa kwenye kigoda, anakunywa chai yangu, anatazama gamba linavyonenepa. Miezi yote ile! Mtu akikukasirikia akakutukana, huyo ni mwenzako. Anayekaa kimya akisubiri uanguke, huyo mwogope.

Ukifika mahali pageni, Juliana, uliza habari za maji kabla hujasifia mkono wako. Hilo nimekulipia mimi, wewe lichukue bure.

Siku ya ubatizo wa mama yako, baba yangu alishuka kutoka Tlawi. Alivaa koti lake la Krismasi. Alikuwa hajawahi kuingia nyumba niliyoolewa. Wazee wa huku wamekaa, katekista yupo, wanawake wamejaa uani. Nikachochea kuni mpaka birika likatokota kwa fujo, nikataka chai itoke ya moto hasa, baba asione mwanawe kapoa. Kumbe ule moto ulikuwa unalipasua gamba kule ndani. Nikammiminia baba kikombe cha kwanza, mkono wa kulia, goti chini, kama nilivyofundishwa.

Akanywa. Tukasikia *kacha*.

Baba akaacha kutafuna. Akatoa kitu mdomoni, akakiweka kiganjani. Kipande cheupe, kimepinda kama ganda la yai. Alikitazama tu, halafu akanitazama mimi, na katika maisha yangu sijawahi kutazamwa vile. Ningeweza kuomba radhi. Ningeweza kusema ni chumvi ya maji. Lakini Fausta alishainuka. Alikichukua kile kipande kiganjani mwa baba yangu, akakiinua juu ili walioko uani waone, akasema:

"Jamani! Tulidhani tumeoa mke, kumbe tumeoa fundi mwashi! Mama anatuchemshia mawe!"

Watu walicheka mpaka mtoto aliyebatizwa akaamka. Babu yako naye alicheka. Kidogo, amefunika mdomo kwa kofia, lakini nilimwona. Huyo nilimmaliza mapema: kuanzia kesho yake nilimpikia uji. Asubuhi uji, wageni wakija uji, mpaka siku aliponyoosha mikono mbele ya dada yake akasema, "Mke wangu, naomba chai, hata kama ina mlima mzima ndani." Nikampikia. Yeye tulimalizana, alale salama.

Kwa Fausta nilimfuata jioni ile ile, nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu, "Si ulisema mwenyewe kwenu hamparui? Nilidhani ndiyo maringo ya Tlawi."

Tangu siku ile nikawa Mama Mawe. Watoto walilijua jina hilo kabla ya jina la mama yako. Kisimani Mama Mawe, shambani Mama Mawe, kwenye harusi za watu mwenye shughuli anapiga kelele, "Mama Mawe asikae karibu na chai!" Mama yako amepigana shuleni kwa ajili ya jina hilo mpaka akang'oka jino. Baba yangu alirudi Tlawi na koti lake, na mpaka anafariki hakunywa tena chai nyumbani kwangu. Alikuwa akija anaomba maji. Anasema ana kiu ya maji tu.

Sasa wewe niambie hilo linasamehewaje kwa kupukuchua mahindi.

Nikaanza vita na gamba. Kwanza nikachukua kisu. Nilikwangua kwa hasira, huku nalitaja jina la Fausta, mpaka nikatoboa birika chini. Kuku wakalitagia. La pili nikasugua kwa mchanga na chuma cha masufuria. Likang'aa, lakini likabaki na mikwaruzo, na gamba linapenda mikwaruzo kuliko kitu chochote. Likarudi nene kuliko mwanzo. Ndipo mtu mmoja mnadani akaniuzia chupa ya maji makali, haina maandishi, akasema, "Mama, hii inakula chochote." Kweli ilikula. Ilikula gamba, ikala birika, ikaacha vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Nikamwaga yale maji nyuma ya jiko, yakaua maboga, na jogoo niliyekuwa nimemtunza kwa Krismasi alikunywa pale kwenye dimbwi, akazunguka akalala. Fausta aliposikia alituma salamu: "Mwambieni Mama Mawe sasa anaua na mifugo."

Ndiyo maana juzi uliponisomea kwenye simu yako, "Bibi, hapa wanasema tumia vitu rafiki wa mazingira," nilikuuliza mazingira gani. Jogoo wangu ndiye mazingira. Maboga yangu ndiyo mazingira. Mimi hayo niliyajua kwa msiba.

Njia yenyewe ilikuja bila kuitwa. Nilikuwa nimechuja maziwa mgando, yale maji yake machachu nikayamimina kwenye birika la tatu niwapelekee mbwa. Nikaitwa kwa jirani aliyeshikwa uchungu, nikalisahau. Niliporudi nikachungulia, naona vipovu vidogo vidogo vinapanda kutoka kwenye gamba, kama linapumua. Nikaligusa kwa kidole. Limelegea! Limekuwa kama ukoko wa ugali uliolowekwa. Nikafuta kwa kitambaa, likatoka lote, na chuma chini yake kizima, hakina hata mkwaruzo mmoja.

Nilikaa chini pale pale. Sikulia. Nilifikiri. Nikasema, kama uchachu ndio uliofanya kazi hii, limao je? Nikatafuta limao. Limao likafanya haraka zaidi. Ukwaju nao unafanya, ila unatia rangi. Siki inafanya, lakini nyumba inanuka kama kachumbari iliyolala. Na yale maji baada ya kazi nikayamwaga kwenye maboga, nikakaa nikiyatazama kama askari. Hayakufa.

Ukitaka kutoa gamba kwenye birika la watu, fanya hivi. Tia maji mpaka yafunike gamba, kamulia limao, maganda yake usitupe, yatumbukize nayo. Chemsha, ipua, acha yapoe yenyewe. Usiwe na pupa kama mimi na kisu changu. Yakipoa mwaga, futa kwa kitambaa laini au kwa lile ganda la limao, halafu chemsha maji matupu umwage, chai isije ikawa na uchachu. Gamba likiwa nene rudia kesho, usiligombeze. Birika la alumini usililaze na limao usiku kucha, litakuwa jeusi. Na lile jagi la umeme la Fausta chomoa waya ukutani kwanza, wala usilizamishe kwenye karai, sitaki kuletewa maiti. Maji ya maziwa mgando hayachemshwi, yanamiminwa tu yakiwa vuguvugu na kuachwa mpaka wakati wa kukamua.

Basi. Hayo ndiyo niliyoyaficha muda wote huu. Kwa sababu Fausta aliolewa Katesh, na maji ya kwake yana chumvi kuliko yangu. Kokoto alizozoea hazifai kwenye majagi ya kisasa. Jagi baada ya jagi linajaa gamba, linachelewa kuchemka, linaungua, linatupwa. Alikuwa akija hapa anakunywa chai yangu, anageuza kikombe, anachungulia chini.

"Mama Mawe, mbona siku hizi chai yako haina mawe? Umeyamaliza?"

"Nimeyameza, wifi."

"Hebu acha utani. Unafanyaje?"

"Nasali rozari juu ya birika."

Nilikuja kusikia kwa jirani yake kwamba alijaribu. Fausta, na rozari, juu ya birika! Mungu anisamehe, nilicheka nikiwa peke yangu zizini mpaka ng'ombe wakageuka kunitazama. Hiyo ndiyo raha niliyopata, na sitasema haikuwa tamu. Ilikuwa tamu.

Katekista wetu aliwahi kunijia na mahubiri yake. Akasema, "Mama, chuki ni kama gamba ndani ya birika la moyo." Nikamwambia, "Moyo si birika, mwalimu. Kunywa chai yako." Wewe usije ukaniletea hayo hayo.

Halafu ukaja mwaka ule mlima uliposhusha matope na mawe juu ya Katesh. Wewe ulibaki na ng'ombe, kwa hiyo hukuona. Nilifunga maziwa, sukari, majani ya chai na birika langu, nikaenda kumtafuta Fausta. Ndiyo, nilikwenda. Nilimtafuta kwenye mahema na kwenye madarasa walikolala watu, nikasema, akifa huyu nitamdai nani? Nikamkuta kajifunika blanketi la msaada, nywele zimeshikana kwa udongo, nusu ya nyumba yake imefukiwa. Aliponiona na birika mkononi, unajua alisema nini? Mbele ya watu wote wale?

"Ee jamani, mawe yameshuka, na Mama Mawe naye kashuka!"

Watu walicheka. Watu ambao hawakuwa wamefungua mdomo tangu siku ile, mama mmoja aliyekuwa amekaa anatazama ukuta, wote walicheka. Nikawasha moto, nikapika chai, nikamimina. Ilitoka safi, nyekundu, haina hata utando juu. Fausta alishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akaongezwa, akanywa. Kicheko kile niliwapa wale watu, walikihitaji kuliko mimi. Yeye sikumpa. Yeye alikichukua tu, kama alivyochukua kile kipande kiganjani mwa baba.

Nilikuwa tayari kwenda na siri yangu kaburini. Kumbe siri imo kwenye simu yako! Juzi unanisomea, limao, siki, acha ipoe, nikakuona kama umefungua sanduku langu mbele ya wageni. Kama wewe umeiona, mjukuu yeyote wa Fausta anaweza kumsomea kesho. Basi muda wangu ni mfupi, na yeye miguu inavimba, presha juu. Nilikuwa na jambo la kufanya polepole, sasa nalifanya haraka. Ndiyo maana umekwenda.

Utafanya hivi. Jumuiya ya sala ikizunguka nyumba kwa nyumba ikafika kwake, siku moja kabla usafishe jagi na birika akiwa amelala mchana. Malimao nimeyafunga kwenye khanga yako ya bluu, chini ya viatu. Siku ya jumuiya wewe ndiye utakayemimina chai. Itatoka safi, na wanawake wa Katesh wana macho, watauliza. Fausta atajisifu, atasema, "Huyu ni mjukuu wangu huyu." Wewe piga goti, useme kwa adabu, "Nimefundishwa na bibi yangu wa Mogitu."

Atacheka. Najua atacheka. Atasema, "Nani? Mama Mawe?"

Useme, "Simjui huyo, Bibi." Halafu unyamaze. Usiongeze neno. Mwache anyamaziwe naye mbele ya watu, aone ladha yake.

Baada ya hapo usilisafishe tena. Gamba litarudi, maji yale hayana huruma. Litanenepa, na wewe utakuwa unakaa kwenye kigoda asubuhi, unakunywa chai yako, unatazama. Akikuuliza, mwambie, "Nitakusafishia, Bibi, ukiniambia ni nani aliyenifundisha." Akisema Mama Mawe, kunywa chai. Akisema Mama Veronika, kwa jina la mama yako, kunywa chai. Akisema wifi yangu, kunywa chai. Hata akikasirika akakuita una roho ya bibi yako. Hiyo pokea, ni sifa.

Lakini unisikie, Juliana. Dawa zake mpe kwa wakati. Mkande miguu. Mchotee maji ya kuoga, mnyanyue akishindwa, usimwinulie sauti, shikamoo kila asubuhi. Nikisikia umemlaza njaa mzee wa watu, nitakuja na fimbo kwa gari la kwanza. Kisasi changu ni cha birika tu. Usikipanue.

Utajiuliza kwa nini nataka jina, badala ya kutaka aombe radhi. Radhi ni rahisi, Fausta anaweza kuiomba huku anatafuna karanga. Hebu fikiri wewe mwenyewe: umewahi kuniita nani? Bibi. Mama yako ananiita Mama. Wenye adabu Mama Veronika, wasio na adabu unajua. Babu yako tangu nijifungue hakuniita jina tena, ndivyo desturi ilivyo, ukishazaa jina lako linakunjwa na kuwekwa. Baba aliyekuwa akiliita kutoka shambani tumemzika. Mama tumemzika. Dada zangu wa Tlawi, mmoja mmoja, tumewazika. Nimewahesabu wote. Aliyebaki duniani ambaye kinywa chake kiliwahi kuliita jina langu ni Fausta, pale jikoni kwetu, amechuchumaa kwenye moto.

Analo. Amelikalia tangu wakati ule, akanipa mawe badala yake. Nalitaka lirudi, na lirudi kwa kinywa kile kile.

Kwa hiyo usimtajie. Hata akikuambia amelisahau, usimtajie. Hajalisahau. Mtu hasahau jina alilowahi kuliimba.

Siku atakapolisema, hata kama ni usiku, hata kama mimi naumwa, nipigie. Mwekee simu mdomoni alirudie. Mimi nitanyamaza. Usidhani mtandao umekatika, na usikate.

Halafu msafishie jagi lake, na umfundishe. Ya limao tu. Ile ya maziwa usimwambie, hata akifa.

Gari lako ni la kesho asubuhi, na uji nitakuwekea mezani. Kama utakuwa umeniaga kwa machozi, ujue mimi sipendi. Jina lenyewe nakuandikia hapa chini, ulijue, ukilisikia usiliache lipite.

Ni mimi bibi yako,

Emiliana